Kulima Usiku Arua: Namna ya Kuongeza Taa kwenye Trekta Ndogo

Mvua za kwanza zikishuka huku West Nile, Uganda, kwa kawaida kati ya mwisho wa Machi na Aprili, kila mwenye shamba anamtafuta mwenye trekta. Udongo uliokauka tangu Desemba haulimiki. Ukishalowa siku mbili tatu unalainika, na hapo watu wa Mvara, Vurra, Terego na Koboko wote wanataka kulimiwa wiki hiyohiyo, wawahi kupanda karanga, maharage na mahindi. Trekta ni chache, foleni ni ndefu. Arua iko karibu digrii 3 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na nusu saa baadaye ni giza tupu. Mwenye trekta anabaki na mambo mawili: kuahirisha kazi iliyobaki, au kuendelea kwa taa.

Mwongozo huu ni kwa yule anayeendelea. Trekta ndogo, hizi za nguvu ya farasi 20 hadi 50, ziwe Kubota, Mahindra, Sonalika au Massey Ferguson, hutoka kiwandani na taa mbili za mbele zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara. Nyuma, kama kuna kitu, ni taa moja ndogo ya jembe ambayo mara nyingi ilishakufa. Lakini kazi yenyewe iko nyuma. Jembe liko nyuma, mfereji uko nyuma, mawe yanayokwama kwenye sahani za jembe yako nyuma, na msaidizi wako husimama huko. Ndiyo maana nasema bila kusita: anza na taa mbili za nyuma. Ukiwa na nafasi, ongeza mbili za mbele. Nne zinatosha kwa trekta ya ukubwa huu. Anayefunga nane anaua betri na kujipofusha mwenyewe.

Pima umeme kabla ya kutoa pesa

Wengi hununua taa kwanza, kisha wanashangaa kwa nini asubuhi trekta haiwaki. Anza na altaneta. Soma kibao kilichobandikwa juu yake, au kitabu cha trekta kama bado unacho, utafute idadi ya ampea. Hapa trekta ndogo hutofautiana sana: nyingine zina altaneta ya ampea 40, nyingine zina dinamo ndogo ya ampea 12 hadi 20 tu.

Tuchukue mfano wa trekta inayotoa ampea 20. Taa zake mbili za mbele ni za halojeni, wati 55 kila moja. Gawanya wati kwa volti 12 upate ampea: 110 kwa 12 ni karibu 9. Toa pia ampea 2 za geji na koili ya kufungulia dizeli. Zimebaki 9. Usizitumie zote, kwa sababu betri iliyochotwa na stata asubuhi inahitaji kujazwa. Iachie angalau robo. Basi taa zako mpya zisizidi ampea 6 na kitu. Taa nne za LED za wati 18 kila moja ni wati 72, yaani ampea 6. Zinaingia. Taa nne za halojeni za wati 55 ni ampea 18. Haziingii hata kidogo, na hakuna ujanja wa fundi utakaoziingiza.

Hesabu hiyo ithibitishe kwa mita ya umeme, ile ya kupimia volti, ambayo kila fundi wa umeme wa magari anayo. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma karibu 12.6. Injini ikizunguka kwa kasi ya kulimia, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa haifiki 13.5, usifikirie taa bado: kaza mkanda wa altaneta, safisha vichwa vya betri, na kama hali haibadiliki mpe fundi aifungue altaneta. Kumbuka pia kwamba injini ikinguruma polepole bila kazi, altaneta hutoa umeme kidogo sana. Kuwasha taa zote huku trekta imesimama na watu wanakula ni kuila betri.

Kuna jambo moja linalowahusu wenye trekta za zamani za Kiingereza zilizotumia dinamo. Baadhi yake zilifungwa kinyume na tulivyozoea leo: upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Balbu ya zamani haijali, inawaka vyovyote. Taa ya LED inajali. Ukigeuza nyaya haitawaka, na ikiwa ni ya bei rahisi inaweza kuungua. Tazama ni kichwa kipi cha betri kinachoshuka kwenye chasisi kabla hujagusa kitu. Ikiwa ni chanya, bodi ya chuma ya taa isiguse waya wowote wa ndani, na kazi hiyo mpe fundi anayeielewa.

Dukani

Namba iliyoandikwa kwenye boksi la taa ya LED mara nyingi si ya kweli. Unaona wati 120, hata 300, kwenye taa inayoingia kiganjani. Usibishane na muuzaji. Mwombe akuunganishie taa kwenye betri ya dukani, mita ikiwa katikati ya waya mmoja ikipima ampea. Ikisoma 2, hiyo ni taa ya wati 24 au 25, hata boksi liseme nini. Haimaanishi kwamba ni mbaya. Taa ya kweli ya wati 20 hadi 27 ni saizi nzuri kwa trekta ndogo. Ilipe bei ya wati 25, si ya 120.

Kisha uliza mwanga wake unatawanyika au unarushwa mbali. Vijana wanapenda ile ya kurusha, inayopiga mti ulio mita 300. Shambani haina faida. Trekta inayolima kwa kilomita 6 kwa saa inakwenda chini ya mita 2 kwa sekunde. Ukiona vizuri mita 20 mbele una zaidi ya sekunde 10 za kusimama. Unachohitaji ni mwanga mpana unaofunika jembe, matairi mawili ya nyuma, na mita kadhaa kila upande. Kwa hiyo taa zote za nyuma ziwe za kutawanya, na za mbele pia.

Kwenye boksi kuna namba nyingine yenye herufi K, inayoeleza rangi ya mwanga. 6000 au 6500 ni mweupe wa kibuluu. Ukipata ya 4000 au 5000, ichukue. Wadudu huvutwa zaidi na mwanga wa kibuluu, na kila anayekaa huku anajua jinsi kumbikumbi wanavyotoka baada ya mvua na kuifunika taa yoyote inayowaka. Kwenye sahani ya mchana kumbikumbi ni furaha. Machoni mwa dereva ni ajali.

Tafuta pia maandishi IP67. Sita inamaanisha vumbi haliingii kabisa. Saba inamaanisha taa inaweza kuzama kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30 bila kuharibika. Vumbi la Februari na mvua kubwa za Agosti na Septemba zitaipima ahadi hiyo haraka. Mwili wa taa uwe wa aluminiamu wenye mapezi nyuma ya kutolea joto, na kishikio chake kiwe kinene. Kile cha bati jembamba kitapasuka kwa mtikisiko kabla msimu haujaisha.

Kuhusu mahali pa kununua: Soko la Kisekka la Kampala lina kila kitu, na bei huwa chini. Lakini ni safari ya karibu kilomita 500, na taa iliyokufa wiki ya pili huirudishi. Mimi ningenunua Arua mjini, kwa mtu ambaye naweza kumrudia Jumatatu na taa yake mkononi, hata akiniongezea bei kidogo.

Usitoboe fremu ya kinga

Fremu ile ya chuma inayosimama nyuma ya kiti ndiyo inayookoa maisha trekta ikipinduka. Ni mahali pazuri pa kufungia taa kwa sababu iko juu, na mafundi wetu wa kuchomelea wana mkono mwepesi: wanatoboa tundu mbili, au wanapachika kipande cha chuma kwa moto. Wakataze. Tundu moja au joto la kuchomelea linaidhoofisha fremu mahali hasa ambapo italazimika kujikunja bila kukatika. Fremu hiyo ilipimwa kiwandani ikiwa nzima. Ikishatobolewa hakuna ajuaye tena itabeba nini. Tumia bolti za umbo la U zinazoikumbatia fremu, na kipande cha mpira wa tairi kuukuu katikati ili rangi isichubuke na taa isizunguke. Kila nati iwe na washa ya springi au nati ya kujifunga, maana mtikisiko wa dizeli hulegeza chochote.

Kama fremu yako ni ya kukunjwa, ikunje kwanza polepole uone taa zitagusa nini. Waya ule unaopita kwenye bawaba uachie mlegezo, la sivyo utakatika mara ya tatu. Madereva wengi wa Mvara hukunja fremu kwa sababu ya matawi ya miembe, kisha wanasahau kuisimamisha. Ukifunga taa juu yake utakuwa na sababu ya ziada ya kuisimamisha tena na kufunga mkanda wa kiti.

Taa za nyuma zikae juu, moja kila upande, zikitazama chini kuelekea nyuma ya jembe. Mbili ni bora kuliko moja ya katikati kwa sababu vivuli vinafutana: upande ambao nguzo ya jembe inaweka kivuli, taa ya pili inaangaza. Za mbele zina mtego. Ukizifunga juu ya kipaa, nyuma ya macho yako, mwanga utapiga boneti na usukani na kukurudia, na vumbi likipanda utaona ukuta mweupe mbele yako. Zifunge mbele ya macho: kwenye ukingo wa mbele wa kipaa zikitazama chini, au kwenye kinga ya chuma mbele ya rejeta. Mahali hapo pa chini ni pazuri kwa vumbi lakini ni pabaya kwa visiki na majani marefu. Kwenye mashamba ya juu, Mvara na Vurra, yenye mawe na miti, ningechagua kipaa. Kwenye tambarare za kuelekea Mto Nile, Rhino Camp na kwingineko, ambako vumbi ni jingi na miti ni michache, ningechagua chini.

Nyaya

Hapa ndipo kazi inapoharibika, nami naomba usome polepole.

Fungua betri kwanza. Waya wa kutangulia kutoka ni ule unaokwenda kwenye bodi, na ndio wa mwisho kurudi. Ukianza na ule mwingine, spana ikigusa chasisi itatoa cheche kubwa, na betri inayochaji hutoa hewa inayolipuka.

Usichukue umeme kutoka kwenye waya wa taa za zamani. Waya ule na swichi yake vilipimwa kwa taa mbili tu. Ukivibebesha sita vinapata moto ndani ya dashibodi ambako huvioni. Taa mpya ziwe na njia yake kutoka kwenye betri. Njia hiyo inaanza kwenye kichwa cha chanya cha betri, inapita kwenye fyuzi, inaingia kwenye rilei, inatoka kwenda kwenye taa. Fyuzi ikae karibu na betri iwezekanavyo, ndani ya sentimita 20, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Kwa mzigo wa ampea 6 weka fyuzi ya ampea 10. Ikikatika, kuna sababu: waya umechubuka mahali fulani. Tafuta hapo. Anayeifunga kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya ameondoa kitu pekee kilichokuwa kikizuia moto, na mwezi wa Machi nyasi kavu zinazonasa chini ya trekta zinahitaji cheche moja tu.

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi. Ile ya kawaida ya magari, ya volti 12 na ampea 30 au 40, ina miguu minne yenye namba zilizopigwa chapa. Namba 30 inapokea umeme kutoka kwenye betri baada ya fyuzi. Namba 87 inapeleka kwenye taa. Namba 85 inakwenda kwenye bodi. Namba 86 inatoka kwenye swichi utakayoibonyeza wewe. Swichi hiyo ipate umeme kutoka kwenye ufunguo, si moja kwa moja kutoka kwenye betri, ili ukizima injini na kuchomoa ufunguo taa zife zenyewe. Ifunge rilei miguu ikitazama chini, maji yasikae ndani yake.

Weka rilei mbili na swichi mbili: moja ya mbele, moja ya nyuma. Gharama inaongezeka kidogo, lakini utaweza kuwasha nyuma peke yake unapounganisha haro au trela, na utaweza kuzizima haraka ikibidi. Sababu ya kuzizima haraka nitaifikia.

Unene wa waya ndio unaoamua kama taa itawaka kwa nguvu. Kutoka kwenye betri hadi juu ya fremu na kurudi ni karibu mita 8 za shaba. Kwenye waya wa milimita 1 ya mraba, ampea 6 zinapoteza karibu volti 0.85 njiani. Kwenye waya wa milimita 2.5 zinapoteza volti 0.35 tu. Kwa anayetumia halojeni bado, hasara ni kubwa zaidi: balbu ikipungukiwa volti kwa asilimia 10 hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Nunua 2.5 kwa njia kuu, na 1.5 kwa kipande cha mwisho kinachoingia kwenye kila taa. Uwe waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ule wa nyumba, wenye uzi mmoja mnene, hukatika kwa mtikisiko. Kwangua ncha kwa kisu dukani: ikionekana nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie.

Waya wa kurudi nao uuvute hadi kwenye betri. Wengi huubana tu kwenye bolti ya karibu, juu ya rangi na kutu, na miezi miwili baadaye taa inaanza kupepesa. Ukilazimika kutumia bodi, kwangua hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu.

Viungo vibanwe kwa koleo la kazi hiyo, visikunjwe kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Tepu hulainika juani, gundi inatiririka, waya unabaki uchi. Vika kila kiungo mpira wa kusinyaa kwa moto kabla ya kukiunganisha, si baada, maana baada hauingii. Pitisha nyaya zote ndani ya mrija wa plastiki wenye mikunjo, uzibane kila sentimita 20 au 30, mbali na ekzosi, mbali na mikono ya kunyanyulia jembe na shafti inayozunguka nyuma. Panapopita kwenye tundu la bati weka raba. Karibu na kila taa acha mzingo mdogo wa waya uning'inie, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kuufuata hadi ndani ya taa.

Kama dereva anasikiliza Radio Pacis na sauti inaanza kukwaruza kila taa zinapowashwa, LED zake ni za bei rahisi. Haziharibu chochote, ila zisogeze mbali na eriali.

Jaribu jioni ya kwanza

Usisubiri usiku wa kazi. Saa moja kasorobo jioni egesha trekta mahali tambarare, jembe likiwa limefungwa. Washa injini, ipandishe hadi kasi ya kulimia, washa taa zote na upime volti kwenye betri. Zisishuke chini ya 13. Acha hivyo dakika 20 kisha gusa kila kiungo, rilei na fyuzi kwa nyuma ya mkono. Joto kidogo ni sawa. Kinachounguza kimebanwa vibaya.

Giza likiingia, kaa kwenye kiti na ugeuke. Inua jembe hadi juu, lishushe hadi chini. Katika hali zote mbili lazima uone ncha za jembe, tairi zote mbili na mtu anayesimama hatua tano nyuma. Shuka sasa, nenda usimame mita 30 mbele, kisha mita 30 nyuma. Zikikuchoma macho, ziinamishe zaidi. Taa ya shambani iliyotegwa vizuri haitazami upeo. Mwanga wake unaisha ardhini. Ukiridhika kaza nati, na uweke alama ya rangi kati ya nati na kishikio. Asubuhi moja ukiona alama imehama, utajua imelegea.

Shambani gizani

Taa hazionyeshi usichokijua. Lipite shamba mchana kwa miguu, pamoja na mwenyewe. Kwetu huku ardhi haijasawazishwa: kuna vichuguu, visiki vya mikaratusi, mawe yanayochungulia inchi mbili tu juu ya ardhi. Walugbara wa huku huzika nyumbani, na makaburi mengi yako ukingoni mwa shamba au hata ndani yake, mengine yasiyo na saruji. Muulize mzee wa boma kwa heshima, "Mzee, wazazi wamelala wapi?" akuonyeshe mwenyewe. Chomeka vijiti vilivyopakwa chokaa kuzunguka kila kaburi. Chokaa inarudisha mwanga wa taa vizuri sana. Uliza pia mbuzi na ng'ombe hufungwa wapi usiku.

Mtu mmoja tu awe msaidizi wako, avae fulana yenye mistari ya kung'aa, na mkubaliane: hakaribii jembe mpaka injini imezimwa. Watoto huja mbio wakiona mwanga, hasa kumbikumbi wakitoka. Mama wa boma awaite nyumbani kabla hujaanza, na ukiwaona ndani ya mwanga, simama. Simama pia ukihisi usingizi. Mwanga mzuri unamdanganya dereva kwamba bado ana nguvu.

Kila wiki ya msimu futa vioo vya taa kwa kitambaa kibichi. Vumbi likiganda juu yake, taa nzuri inakuwa taa ya wastani na mwanga wake unatapakaa ovyo.

Barabarani zima zote

Sasa sababu ya swichi mbili. Barabara ya lami ya Vurra hadi Oraba, inayopita Arua na Koboko, ina malori ya kwenda Sudan Kusini usiku na mchana, na bodaboda wasiohesabika. Taa ya kazi haina ukingo wa kuzuia mwanga usipande kama taa ya barabarani. Mwenye pikipiki anayekutana nayo haoni chochote kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo kuna mtembea kwa miguu ukingoni. Ya nyuma ni mbaya zaidi: dereva wa lori anayekuja nyuma yako anaona taa nyeupe na kudhani ni gari linalomjia. Polisi wa trafiki akikusimamisha kwa hilo, ana haki.

Hata taa zako za kawaida ziangalie. Uganda tunaendesha upande wa kushoto. Congo na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Taa ya barabarani iliyotengenezwa kwa nchi za kulia huelekeza mwanga wake upande wa kulia, ambao huku ni machoni mwa anayekuja. Ukinunua taa nzima ya mbele Ariwara, upande wa Congo, au kwa mtu aliyeitoa Kaya, Sudan Kusini, ijaribu ukutani usiku uone mwanga wake unapanda upande gani kabla ya kuilipia. Taa za kazi hazina tatizo hilo.

Nyuma ya trekta na trela weka taa nyekundu mbili zinazofanya kazi na rifleta nyekundu pembeni kabisa, moja kila upande, ili anayekufuata ajue upana wako. Jembe likiwa limeinuliwa linaweza kuzifunika. Ikiwa ndivyo, zihamishie kwenye madigadi au juu zaidi. Na ukitoka shambani saa nne usiku, zima taa zote za kazi kabla gurudumu la mbele halijagusa barabara. Mwambie hivyo kila dereva unayemkabidhi ufunguo, na umwambie tena msimu ujao.